Uwatu, ufuta na makopo ya "kubalansi homoni": kipi kinasaidia hedhi inapokoma?

Kuna sauti zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama, na maneno yake ni yaleyale iwe umezipokea ukiwa Mikindani, Tandahimba au Nachingwea. Msemaji anaanza kwa salamu nyingi, anaeleza joto linalopanda kifuani usiku, usingizi unaokatika saa nane, hasira zisizo na kichwa wala miguu, kisha anataja tiba: uwatu uliolowekwa, habasoda na asali, mizizi ya kuchemsha, au kopo lenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Mwishoni inakuja namba ya simu. Anayesikiliza anabaki na maswali ya haki kabisa. Ni kweli? Ninywe kiasi gani? Na kama ni kweli, mbona nesi wa kliniki hajawahi kunigusia?

Niseme mapema ninavyoona. Ubishi wa "dawa za asili zinafanya kazi" na "hazifanyi kazi" hauishi kwa sababu swali lenyewe limekaa upogo. Uliza ni mmea gani, kwa dalili ipi, kwa mwanamke anayemeza dawa gani nyingine. Hapo majibu yapo. Baadhi yatawaudhi wauza mitishamba, na mengine yatawaudhi wale wanaodharau kila kinachotoka porini.

Tunazungumzia nini

Mwanamke anahesabiwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na pasipo sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au sindano ya uzazi wa mpango. Kwa wanawake wengi duniani hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Likitokea kabla ya miaka 40 ni mapema mno na si jambo la kuachia mitishamba: mifupa na moyo vinakosa kinga ya homoni kwa miaka mingi zaidi, kwa hiyo daktari anahitajika. Wapo pia wanaokoma kwa siku moja kwa sababu ovari zao zimeondolewa kwa upasuaji, na kwao dalili huja kwa kishindo.

Kabla ya miezi hiyo 12 kuna kipindi cha mpito kinachoweza kuchukua miaka kadhaa. Ovari zinatoa homoni ya estrojeni nyingi mwezi huu, kidogo mwezi ujao. Hedhi inaruka, inarudi nzito, inaruka tena. Hapa ndipo wengi hupata taabu zaidi, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mmoja anaona hedhi bado ipo, basi anadhani joto lake halihusiani na ukomo. Mwingine hajaona siku zake miezi minne, basi anadhani hawezi tena kushika mimba. Anaweza. Ushauri wa wataalamu ni kuendelea na uzazi wa mpango kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kuanza kunywa mizizi ya aina yoyote kwa ajili ya hedhi iliyoruka, pima mimba. Kipimo ni cha bei ndogo kuliko mizizi.

Dalili zenyewe ni kundi la mambo yasiyofanana: vipindi vya joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, huzuni au hasira, kusahau, viungo kuuma, ukavu ukeni, mkojo unaochoma mara kwa mara. Wengine hawapati hata moja. Kwa baadhi joto hudumu miaka saba au zaidi. Kwetu Kusini mwa Tanzania msichana akivunja ungo ana watu wa kumfunda, kungwi na somo, tena kwa ngoma. Hedhi inapokoma hakuna anayemwita kumfunda tena, na hiyo ndiyo nafasi ambayo sauti za WhatsApp zimeijaza.

Joto linatoka wapi

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, yenye kazi ya kusimamia joto la mwili. Kwa kawaida inavumilia joto lipande au lishuke kidogo bila kufanya lolote. Estrojeni ikipungua, seli fulani za sehemu hiyo zinachangamka kupita kiasi na uvumilivu ule unakuwa mwembamba. Badiliko dogo tu, shuka zito au kusimama karibu na jiko la mkaa, linachukuliwa kama mwili umezidiwa na joto. Mishipa ya damu ya kwenye ngozi inafunguka, uso na kifua vinawaka, jasho linamwagika. Mwili unajipoza wakati haukuwa na haja ya kujipoza, ndiyo maana baada ya kuwaka mtu husikia baridi. Sasa fikiria hali hiyo Lindi mwezi wa pili, unyevunyevu wa bahari na paa la bati lisilo na dari.

Vinywaji vya moto, pilipili na pombe ni miongoni mwa vichochezi vinavyojulikana. Mama anayekunywa kikombe cha tangawizi kinachofuka kabla ya kulala ili atibu jasho la usiku anaweza kuwa anajiletea jasho lenyewe. Hilo silisemi kwa kejeli. Ni jambo la kujaribu wiki hii bila gharama: kunywa mapema, au kunywa ikiwa imepoa, uone.

Lakini si kila joto la mwanamke wa miaka 48 ni la ukomo wa hedhi, na kwenye hili sisi wa Lindi na Mtwara tuna sababu ya kuwa makini kuliko wengine, kwa kuwa mikoa yetu ni katika ile yenye malaria nyingi nchini. Mtu anaamka amelowa jasho, anakwenda duka la dawa, anameza dozi ya mseto bila kipimo, baada ya wiki kadhaa anarudia. Kinyume chake nacho kipo: malaria ya kweli inaitwa "mambo ya umri" hadi mgonjwa anazidiwa. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya kama nusu saa. Kipimajoto nacho kinasema kitu: vipindi vya joto vya ukomo wa hedhi havileti homa ya nyuzi 38 au 39, hata kama mtu anajisikia anaungua. Jasho la usiku linaloandamana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kukonda, linahitaji kipimo cha kifua kikuu. Kuna pia tezi ya shingoni ambayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio. Na moyo unaokwenda mbio usiku wa manane, huku kwetu, mara nyingi husemwa ni majini. Anayetaka kusomewa asomewe, ila apite maabara kwanza.

Kwa nini kila dawa ina mashahidi

Vipindi vya joto vina tabia ya kupanda, kufika kilele, kisha kupungua vyenyewe. Watu hutafuta dawa wanapokuwa kwenye kilele. Ni kama mtu wa Masasi anayefukiza ubani mwishoni mwa Aprili ili mvua ikatike. Mei inafika, mvua imekatika, na sifa zote zinakwenda kwa ubani. Hajasema uongo kuhusu alichokiona. Amekosea tu kuhusu kilichokisababisha.

Ndiyo maana watafiti huwagawa wanawake makundi mawili: kundi moja linapewa dawa, jingine kidonge tupu kinachofanana nayo, na hakuna anayeambiwa anameza kipi. Mapitio ya tafiti za namna hiyo yaliyochapishwa mwaka 2004 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuwa na matokeo ya kushangaza kidogo. Wanawake waliomeza kidonge tupu walipungukiwa vipindi vya joto kwa takriban 58% kuanzia mwanzo hadi mwisho wa utafiti. Zaidi ya nusu, bila dawa yoyote. Waliopewa homoni walipungukiwa robo tatu zaidi ya wale wa kidonge tupu.

Kwa hiyo shoga yako anapokuambia "nimekunywa mwezi mmoja, joto limepungua nusu", mwamini. Limepungua. Isipokuwa ushuhuda huo hauwezi kukuambia kama mmea ndio uliofanya kazi, maana hata kidonge tupu kingempa ushuhuda uleule. Mmea wenye kazi ni ule unaokishinda kidonge tupu, na kwa kipimo hicho ndipo mengi yanayouzwa huanguka.

Mimea yenyewe

Soya ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Ina viini viitwavyo isoflavoni ambavyo umbo lake linakaribiana na estrojeni, vikiingia mwilini vinafanya sehemu ndogo tu ya kazi ya homoni hiyo. Mapitio makubwa ya mwaka 2012 yalipata kwamba isoflavoni za soya zilipunguza idadi ya vipindi vya joto kwa takriban moja ya tano zaidi ya kidonge tupu. Mapitio mengine ya mwaka uliofuata yalisema ushahidi hautoshi kutoa hukumu. Ukiyaweka pamoja: pengine soya inasaidia kidogo, kwa baadhi, na baada ya wiki nyingi. Sehemu ya sababu ya tofauti hizo iko tumboni. Baadhi ya watu wana bakteria wanaogeuza isoflavoni kuwa kiini chenye nguvu zaidi, wengine hawana. Unga wa soya kwenye uji ni chakula kizuri, na hata kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti soya ya kawaida ya kula haionekani kuwa na madhara. Vidonge vyenye isoflavoni nyingi zilizokamuliwa ni jambo jingine. Kwa hivyo, aliyewahi kuugua saratani hiyo aongee kwanza na daktari wake.

Ufuta una jamaa ya viini hivyo, lignani, navyo hugeuzwa na bakteria wa tumbo kuwa kitu chenye nguvu hafifu mno ya estrojeni. Lindi na Mtwara ndiko kwenye ufuta, kila msimu unapita mnadani kwenye maghala ya ushirika kwenda Asia, kwa hiyo ningependa sana kuandika kwamba dawa ya joto tunaiuza kwa kilo. Siwezi. Mbegu za kitani, ambazo zina lignani nyingi kuliko mbegu karibu zote, zilipojaribiwa Marekani dhidi ya kitafunwa kinachofanana kisicho nazo kwa ajili ya vipindi vya joto hazikuleta tofauti. Sababu ya kula ufuta ipo, ila ni nyingine: gramu 100 za ufuta usiokobolewa zina miligramu zaidi ya 900 za kalsiamu, japo maganda yake yana kitu kinachozuia sehemu ya kalsiamu hiyo isifyonzwe. Mwanamke anapokosa estrojeni mifupa yake inapungua kwa kasi katika miaka michache ya kwanza, kimyakimya, bila joto wala maumivu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani, maziwa kwa anayeyapata, pamoja na kutembea na kubeba uzito wa kadiri, vinahusika hapo moja kwa moja. Mashineni na shambani mwanamke wa Newala anatembea vya kutosha. Wa mjini anayekaa dukani kutwa ndiye wa kujihesabu.

Kwenye makopo ya dukani utakutana mara nyingi na black cohosh, mzizi wa Marekani Kaskazini, kwenye lebo huandikwa Actaea racemosa. Huu ni maarufu kuliko yote kwa dalili za ukomo wa hedhi. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa wanawake 351 katika muda wa mwaka mzima: mzizi huo peke yake, mzizi huo pamoja na mimea mingine, mimea pamoja na soya, homoni, na kidonge tupu. Makundi yote ya mimea hayakukishinda kidonge tupu. Homoni zilikishinda waziwazi. Zipo pia ripoti chache za ini kudhurika kwa watumiaji wa mzizi huo. Ni nadra, lakini aliye na homa ya ini asiuguse, na anayeutumia akaona macho yanakuwa ya njano au mkojo umekolea rangi, aache siku hiyohiyo na aende hospitali.

Uwatu na habasoda vina tafiti ndogondogo zinazotia matumaini, lakini ni ndogo mno kuweza kutegemewa kwa joto la ukomo wa hedhi. Mdalasini, tangawizi na mlonge kama viungo na mboga havina tatizo. Kama tiba ya joto havina ushahidi wa maana. Mdalasini wa bei nafuu una kiini kinachoweza kudhuru ini ukiliwa kwa vijiko kila siku. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Marekani kilipitia tiba zisizo za homoni na hakikupendekeza mitishamba wala soya kwa vipindi vya joto. Kilichopendekeza ni pamoja na dawa fulani za hospitali zisizo za homoni na mafunzo ya kisaikolojia ya kubadili namna mtu anavyolipokea joto linapokuja.

Dawa unazomeza tayari

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Mwanamke wa miaka 50 mara nyingi hana ukomo wa hedhi peke yake. Ana presha, au sukari, au anatumia dawa za kufubaza virusi, au vyote. Hatari kubwa ya mitishamba haiko sana kwenye sumu ya mmea. Iko pale mmea unapokutana na kidonge.

Chukua sukari. Uwatu, habasoda na mdalasini vinaweza kushusha sukari ya damu. Kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, mchanganyiko huo unaweza kuishusha kupita kiasi. Na sukari ikishuka mtu anafanyaje? Anatoka jasho, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anakuwa na hasira. Yaani dalili zilezile alizokuwa anazitibu. Anaona joto limezidi, anaongeza kijiko cha uwatu. Mwenye kisukari akipata "joto" baada ya kuanza mitishamba, apime sukari kwanza.

Dawa za kufubaza virusi zinazotolewa sasa kwa wengi nchini, kile kidonge kimoja cha siku, zina dolutegravir. Madini ya kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu yanashikamana na dolutegravir tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Vidonge vya kuimarisha mifupa, ambavyo mwanamke aliyekoma hedhi anashauriwa na kila mtu anunue, vimejaa madini hayo. Utaratibu ni kumeza dolutegravir saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake. Kalsiamu na chuma vinaweza pia kumezwa nayo kwa pamoja endapo vyote vinamezwa na chakula. Dagaa na ufuta wa kawaida wa kula hauna shida hiyo. Kidonge ndicho cha kupangiwa saa.

Mmea wa kuogopwa zaidi kwenye makopo ya kuchanganya ni ule wa Ulaya unaotumika kwa huzuni, St John's wort, au Hypericum perforatum kama ilivyo kwenye lebo. Unalifanya ini liharakishe kuondoa dawa nyingine mwilini: za kufubaza virusi, za uzazi wa mpango, na warfarini ya kuzuia damu kuganda. Dawa inakuwa imemezwa ila haipo kwenye damu. Kwa warfarini kuna shida ya upande wa pili pia, kwani vidonge vya kitunguu saumu na mzizi wa Kichina uitwao dong quai vinaweza kuongeza kutokwa damu. Mwenye presha naye asome lebo atafute licorice, mzizi mtamu unaopandisha presha na kushusha potasiamu.

Kisha kuna lile ambalo halimo kwenye lebo kabisa. Katika nchi mbalimbali, "mitishamba" ya viungo na ya kuongeza nguvu imepimwa maabara ikakutwa imechanganywa na dawa za hospitali, zikiwemo steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na maumivu, kama deksamethasoni. Unga unaoondoa maumivu yote ya viungo ndani ya siku mbili unapaswa kukutia shaka kuliko furaha. Steroidi za muda mrefu zinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa, mifupa ileile inayopungua kwa sababu ya umri.

Ukeni, na damu

Ukavu ukeni ndiyo dalili ambayo haiishi yenyewe, na ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini zaidi. Estrojeni ikipungua, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba na kavu, tendo la ndoa linauma, mkojo unachoma. Mitishamba ya kunywa haifiki huko kwa maana yoyote. Kinachoniogopesha ni ya kuweka: shabu, ndimu, unga wa majani, na kujifukiza kwa mvuke wa dawa. Ngozi nyembamba inachubuka na kuungua kirahisi, na mchubuko ni njia ya maambukizi, virusi vya ukimwi vikiwemo. Wala kubana na kukausha siyo tiba ya mtu ambaye shida yake ni ukavu. Ni kuzidisha kilekile.

Kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa kinasaidia wakati wa tendo. Mafuta ya nazi wengine wanayapenda na hayawachubui, ila yanaharibu kondomu za mpira. Dawa yenye nguvu zaidi ni estrojeni ya kiwango kidogo ya kupaka au kuweka ukeni, ambayo kiasi kidogo sana huingia kwenye damu. Muulize daktari kwa jina hilo hilo, bila kuzunguka.

Kuhusu damu, imani mbili zinafanya madhara. Ya kwanza inasema hedhi ikikoma damu chafu inabaki tumboni, kwa hiyo kizazi kisafishwe. Hakuna damu iliyobaki. Hedhi ni utando wa ndani ya kizazi unaojengwa kila mwezi kwa amri ya homoni kisha kubomoka. Homoni zikipungua utando haujengwi, basi hakuna cha kutoka. Imani ya pili ni ya kusifu dawa "iliyorudisha hedhi" kwa mama wa miaka 56, kana kwamba amerudishiwa ujana. Damu yoyote baada ya miezi 12 ya ukimya, hata tone, hata ya rangi ya kahawia, inahitaji uchunguzi. Mara nyingi sababu ni ndogo, kama ukavu wenyewe, lakini inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na hii ya mwisho ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ikigundulika mapema inatibika. Miezi mitatu ya kunywa dawa ya kusafisha ni miezi mitatu iliyopotea.

Homoni za hospitali

Watu wengi wamesikia kwamba homoni zinaleta saratani. Chanzo ni utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002. Miongoni mwa wanawake waliomeza estrojeni pamoja na projestini (dawa ya jamii ya homoni ya projesteroni), saratani ya matiti iliongezeka kwa takriban wanawake 8 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamekoma hedhi zamani. Uchambuzi uliofuata umeonesha kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome, mwenye dalili zinazomtesa na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Vizuizi ni kama historia ya saratani ya matiti, damu kuganda, ugonjwa wa ini, na kutokwa damu kusikoelezeka. Mwenye kizazi lazima apewe pia projesteroni au dawa ya jamii yake, kwa kuwa estrojeni peke yake inaongeza hatari ya saratani ya kizazi. Hii ni hesabu ya daktari. Kununua vidonge vya majira dukani na kuvitumia kama mbadala, hasa ukiwa na presha, ni kujitafutia damu kuganda.

Ukiamua kutumia mitishamba

Wengi wataitumia, na kwa joto la kawaida kwa mtu asiye na dawa nyingine, kijiko cha uwatu hakitamuua mtu. Basi tumia kwa namna itakayokupa jibu. Kabla ya kuanza, andika kwa wiki mbili idadi ya vipindi vya joto kwa siku. Anza kitu kimoja tu. Endelea kuandika kwa miezi miwili au mitatu. Kama namba haikushuka, acha, usiongeze dozi wala kopo la pili. Kama imeshuka na huna madhara, shukuru, bila kusahau habari ya ubani na mvua.

Kwenye kununua, sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili waganga na dawa zao. Omba uone usajili. Usajili hauna maana kwamba dawa imeshindanishwa na kidonge tupu, lakini unakuambia kuna mtu anayeweza kuulizwa. Kopo au mfuko upige picha, uende nao siku ya kliniki ya presha au sukari, na useme, "Dada, natumia na hii."

Kwa muuzaji wa mizizi mnadani, muulize tu, "Babu, mti huu unaitwaje, na unatumika sehemu gani, mzizi au gome?" Akisema ni siri ya ukoo, ana haki ya siri yake, nawe una haki ya kutonunua. Akikutajia jina, hata kama ni la Kimakonde au Kimwera, liandike. Ikitokea shida, daktari wa hospitali ya Ligula, Ndanda au Sokoine atakuwa na pa kuanzia.